Mlango wa Upande wa Barabara

Niseme mapema, ili nisieleweke vibaya: mama mkwe wangu nampenda. Ambaye sikumpenda kwa siku zile tatu ni mwanawe, na huyo ndiye mume wangu kwa miaka ishirini na sita sasa.

Nianze na gari, maana bila gari hamtanielewa. Usukani wake uko kulia, kama magari mengi ya Bujumbura yanayotoka Japani na kushushwa Dar es Salaam, lakini barabarani sisi tunapita upande wa kulia. Kwa hiyo dereva akiegesha pembeni, yeye anashukia kwenye majani, na anayekaa kando yake anashukia katikati ya barabara, kwenye malori. Anayekaa kando yake ni mimi. Na mlango wangu ulikuwa haufunguki kwa ndani, na kioo chake kilishuka nusu tu, mkono usingefika kwenye kitasa cha nje. Kitasa kilinikatikia mkononi siku moja, nikampa mume wangu kile kipande, akakitia mfukoni, na mpaka siku ya safari hii ilikuwa imetimia miaka mitatu. Kila tulipofika mahali nilikaa nikingoja azunguke aje kunifungulia.

Mume wangu ni fundi wa magari. Gereji yake iko karibu na Zone Industrielle, eneo la viwanda, na watu wanamletea magari kutoka hata Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa jinsi mkono wake unavyosifiwa. Kuhusu mlango wangu alikuwa na jibu moja tu. Alisema mlango ule unaelekea barabarani, afadhali usifunguke, kwani siku moja nitaufungua bila kuangalia na lori litanibeba. Alilisema kwa upole sana. Akina mama wenzangu walipolisikia waliniambia nina bahati, mume ananijali, nami kwa muda nilikubali kwamba ni mapenzi.

Kazi yangu ni kushona. Nina meza kwenye baraza la duka la vitambaa kule mtaa wa Asiatique. Duka ni la mzee mmoja ambaye babu zake walitoka Oman, na pale barazani tunakaa mafundi wanne, sote wanawake. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho, wa kwanza anayemwona ni mimi, kwa sababu meza yangu iko mkabala na mlango. Nafasi ile niliingoja miaka minane. Nilianza mwisho kabisa wa baraza, panapopigwa na jua na uvundo wa mfereji, nikasogea kidogo kidogo kila mmoja wa wenzangu alipozeeka au alipohama. Nafasi ya mlangoni haikai wazi. Ukiugua wiki moja, utakuta mwenzako ameshavuta kiti.

Mwaka jana mama mkwe aliteleza uani kwake, akaumia nyonga. Anaishi Cankuzo, mashariki kabisa, upande wa Tanzania, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, na alikuwa anaishi peke yake. Familia ikakutana kwetu, mtaa wa Gasenyi, sebuleni, wengine kwa simu iliyowekwa sauti juu. Mawifi zangu walisema mtu lazima aende akakae na mama. Mmoja ana watoto wadogo, mwingine ana presha, mume wangu ana gereji. Wakazungumza saa nzima kuhusu huyo mtu bila kunitazama hata mara moja. Mimi nilikuwa napeleka chai. Watoto wangu wamekua, mmoja ameolewa Uvira na mwingine anafanya kazi Kigali, na wakati naweka vikombe nilijua kabisa kwamba huyo mtu wasiyemtazama ni mimi. Nikangoja waniambie niwajibu. Hawakuniambia, na wiki mbili zikapita.

Kisha siku moja mume wangu akasema twende kutembea.

Neno hili linataka maelezo kidogo. Kwetu Bujumbura kutembea si kwenda kwa miguu. Mtu akikuambia anaenda kutembea, maana yake hana kazi huko aendako: anakwenda kusalimia, kula vizuri, kukaa siku mbili tatu, kurudi. Kurudi kumo ndani ya neno lenyewe. Mume wangu alisema tutakwenda kumwona mama, siku tatu tu, na njiani tutasimama kila mahali tule vitu vya bara, mimi na yeye, kama alivyoniahidi tulipooana. Ni kweli aliniahidi. Katika miaka yote ile safari yangu ndefu naye ilikuwa Rumonge, kwenye msiba.

Sasa katika miezi ile mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani. Watu walipanga foleni mpaka wanalala ndani ya magari, na hakuna aliyechoma mafuta kwa kutembea. Yeye alipata bidoni mbili, madumu yaliyojaa, sijui wapi. Nilitakiwa nishtuke. Badala yake nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi na nikajishonea gauni jipya la safari.

Jumamosi jioni akaja kunichukua kazini. Akafungua skrubu, akatoa kichwa cha cherehani kwenye meza yake, akasema anakwenda kukisafisha gereji na kukitia mafuta, nikirudi nikikute kipya. Akaniketisha garini, akafunga mlango, akarudi dukani. Nilimwona kupitia kioo akiongea na mzee mwenye duka, wakashikana mikono muda mrefu. Niliona ni heshima. Nisingeweza kwenda kusikia hata kama ningetaka.

Tuliondoka Jumapili asubuhi, barabara nyeupe kwa sababu watu wako kanisani. Kiti cha nyuma kilijaa: bidoni mbili zilizofungwa kamba, gunia la ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakavu, sabuni, sukari, chumvi. Ndagala wale hata sikuwahoji. Mtu anayepanda bara kutoka ziwani hawezi kufika mikono mitupu, na ndagala ndiyo zawadi yetu. Lakini gunia zima kwa kikongwe mmoja, kwa ziara ya siku tatu! Nililitazama mara mbili, nikajifanya sikuliona.

Harufu ya petroli ikapanda pamoja nasi mlimani. Nilishusha kioo, mume wangu akasema nitaingiza vumbi, nikapandisha. Waendesha baiskeli walikuwa wanashuka na mikungu ya ndizi, wamelalia usukani, wanapita karibu sana na mlango wangu. Alikuwa na furaha siku hiyo, mume wangu. Alinisimulia habari za utotoni mwake ambazo nilishazisikia, na nilicheka palepale panapochekwa.

Tulisimama mara ya kwanza kwenye migomba, kabla ya ukungu kuanza. Wauzaji wakaja mbio na maracuja, yale matunda ya pasheni, na karoti, na wote, bila shaka, wakaja upande wa majani, upande wake. Nikamwambia nataka maracuja yaliyonyauka, hayo ndiyo matamu. Alichukua yanayong'aa. Akanipitishia moja moja, nikawa nalipasua kwa meno na kulinyonya, na maganda nikamrudishia ayatupe upande wake. Nilikula kila kitu siku hiyo kupitia mkononi mwake.

Bugarama kulikuwa na baridi ya kweli, ukungu umeingia mpaka sokoni. Nilikuwa na gauni langu jipya, jepesi, la mjini. Nikamwambia shali yangu iko kwenye buti, naomba anipe. Akasema ngoja kwanza nikajisaidie, akatoka, akapotea nyuma ya vibanda. Nikangoja. Dakika kumi, labda na tano. Meno yakaanza kugongana. Upande wa barabara akapita mwanamke wa makamo aliyebeba mahindi ya kuchoma kwenye beseni, nikashusha kioo, nikamwambia kwa Kirundi anifungulie mlango. Akanitazama, akautazama mlango, akautazama usukani usio na mtu. Sijui aliwaza nini. Akanifungulia.

Nikaenda nyuma, nikainua buti. Shali yangu ilikuwa juu ya kitu kilichofunikwa blanketi letu la zamani. Nilipoivuta, blanketi likaja nayo kidogo, nikaona gurudumu la cherehani yangu.

Sikupiga kelele. Niliweka mkono juu ya chuma kile, kilikuwa baridi na kilikuwa kimetiwa mafuta kweli, hilo hakusema uongo. Kando yake palikuwa na mkoba ambao sikuufunga mimi, na ndani yake mkeka wangu wa kusalia, kanga zangu za nyumbani, kandambili zangu za bafuni. Mtu hachukui kandambili za bafuni kwa siku tatu. Nikaelewa yote mara moja: foleni ya mafuta, gunia, mkono wa mzee mwenye duka. Nilikuwa nimekwisha kutolewa barazani. Nilikuwa nimetolewa tangu jana, nikiwa nimeketi garini nawatazama.

Ningeweza kurudi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikurudi. Pesa kidogo nilikuwa nayo, na mabasi hata kama ni machache yapo. Lakini ningefika Bujumbura nikasemeje? Kwamba nimemkimbia mama wa watu mwenye nyonga mbovu? Gasenyi nzima ingejua kabla sijafika mlangoni, na mimi mwenyewe ningeona aibu, kwani yule mama hajawahi kunikosea. Nikalirudisha blanketi vilevile lilivyokuwa. Nikajitanda shali, nikanunua mahindi mawili, nikaingia garini, na kwa kuwa mlango ule ukiuvuta kwa ndani haukazi vizuri, nikamwomba yule mwanamke anifungie.

Mume wangu aliporudi alinikuta na shali na mahindi. Akauliza nani alinifungulia. Nikasema watu. Akacheka kidogo, akawasha gari.

Nilimchunia mpaka Muramvya, na baada ya Muramvya. Lakini niliyala yale mahindi yote mawili, nisidanganye. Mimi hasira haijawahi kuninyima chakula.

Gitega alitafuta mtaa wa Waswahili, maana hali nyama asiyemjua aliyeichinja. Huko bara ukisema Mswahili unamaanisha Muislamu, na pia unamaanisha mtu mwenye maneno mawili mdomoni. Siku ile nilikubaliana na maana zote mbili. Aliegesha mbele ya mkahawa mmoja, akaingia kuuliza, akakaa huko, kisha akaja na sahani dirishani kwangu: brosheti, mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma, pilipili pembeni. Akasema ndani kumejaa wanaume, nitakula kwa raha zaidi garini. Nikaweka sahani mapajani. Nyama ilikuwa nzuri ajabu, mafuta yake yameungua kidogo kwenye ncha, na nilikuwa naila huku machozi yananitoka, nikayasingizia pilipili.

Baada ya Gitega ardhi inatulia, milima inapungua, jua linaanza kuwaka. Karibu na Ruyigi alisimama kwa watoto waliokuwa wanauza uyoga kwenye majani ya mgomba, akanunua vifurushi vitatu, akaniwekea mapajani, akasema mama anapenda. Mikono yangu yote miwili ikawa imeshika uyoga wa mama. Ndipo niliposhindwa.

"Ile mashini," nikamwambia, "umeisha kuitia mafuta?"

Alikuwa ameshika ufunguo. Hakuuzungusha. Alitazama mbele, kwenye barabara isiyokuwa na mtu.

"Ningekuambia, ungekataa."

"Ningekataa."

"Njo maana sikukuambia."

Kisha akaongea sana. Kwamba ni yeye mwana wa kwanza na lawama zote ni zake. Kwamba akiiacha gereji mwezi mmoja wataigawana mpaka spana. Kwamba dada zake nawajua mwenyewe. Kwamba kushona ni kushona, mashini inafanya kazi Cankuzo kama inavyofanya Asiatique, na kule hakuna fundi wa nguo za kike, nitapata wateja. Nikamuuliza ni kwa muda gani. Akasema tutaona. Nikamuuliza tena, akasema mpaka mama apone, na wote wawili tulijua kwamba mama ana miaka karibu sabini na nyonga ya umri huo haiponi.

Nilitaka kushuka. Sikuwa na mahali pa kwenda, ni pori na jua, lakini nilitaka tu kusimama hatua kumi kutoka kwake nivute pumzi. Mkono wangu ukaenda wenyewe pale kwenye tundu la kitasa, ukapapasa, ukarudi kwenye uyoga. Aliuona mkono. Akawasha gari.

Tulifika alasiri. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda, fimbo kando. Ni mwanamke mdogo wa mwili, mweusi, mwenye ulimi mkali. Alitusalimu, akatuombea dua, akauliza watoto wetu mmoja mmoja, halafu akataka gunia lifunguliwe. Akachota ndagala kiganjani, akawanusa, akatafuna mmoja vilevile mkavu akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua akauliza mukeke uko wapi. Mume wangu akacheka, akasema samaki mbichi wa ziwani hawezi kufika huku na joto lote hili. Mama akasema kila mwaka anajibiwa hivyo hivyo.

Nikapika ule uyoga na ndagala, tukala. Baada ya kula mume wangu akaleta cherehani ndani, amelibeba blanketi na yote, akaliweka juu ya meza taratibu. Mama akauliza ni kitu gani kile. Mume wangu akafunua, akamwambia, bila kunitazama, kwamba nimekuja kukaa naye.

Mama mkwe aliitazama cherehani. Kisha akanitazama mimi, gauni langu jipya, akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua Bugarama. Akatikisa kichwa akasema yeye alijua Muramvya, wakati ule walikuwa kwenye kamyo.

Sikumwelewa. Akanyoosha fimbo yake, akaonyesha ukutani, juu ya mlango wa jikoni. Palikuwa na karai la kukaangia, jeusi, limeliwa na kutu, nililiona kila mara nilipokuja na watoto kwa basi na sikuwahi kuliuliza. Alisema ni karai lake la maandazi. Alikuwa msichana wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, wazazi wake wa Buyenzi, na alipoolewa aliendelea kukaanga maandazi karibu na msikiti, na watu walikuwa wanapanga mstari baada ya swala ya alfajiri. Mumewe alifanya biashara ya chumvi na nguo bara. Siku moja akamwambia twende kutembea. Kamyo, lori la mizigo yake, liliposimama Muramvya akapanda nyuma kuchukua maji, akaona karai lake limefungwa pamoja na magodoro.

Nilitegemea atalia. Hakulia, alikuwa amekasirika, tena hasira mpya kabisa. Alimgeukia mwanawe.

"Baba yako alinambiaka tunaenda kutembea, siku tatu," akasema. "Hizi siku tatu haziyaisha mupaka leo."

Mume wangu akasema, lakini mama, ulikuwa na maisha mazuri hapa. Mama akasema ndiyo. Akasema alizaa, akazika, akasali, akala. Halafu akaomba asaidiwe kwenda kulala, na mimi ndiye niliyemsaidia, kwa sababu ndivyo ilivyo.

 Usiku mimi na mume wangu tulilala tumepeana visogo katika kitanda alimozaliwa.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya mume wangu uani. Nikatoka. Mama mkwe alikuwa ndani ya gari, kwenye kiti cha mbele, kiti changu. Amevaa baibui la Iddi, kifurushi mapajani, fimbo kati ya magoti, na karai lake limesimamishwa miguuni. Jirani alimsaidia, nafikiri, maana peke yake asingeweza. Mume wangu alikuwa amesimama nje ya dirisha na mswaki mkononi.

"Mama, unaenda wapi?"

"Naenda kutembea."

"Siku ngapi?"

"Tatu," akasema mama mkwe. "Funga mulango vizuri, haiyakaza."

Mume wangu akamweleza yote: nyumba itabaki na nani, mbuzi, kaburi la baba, gari litamtikisa, nyonga itauma. Mama alijibu kwamba jirani amekwisha kupewa ufunguo na mbuzi. Kuhusu kaburi alisema amekaa na mwenyewe miaka mingi akiwa hai, inatosha. Mume wangu akanitazama, mara ya kwanza tangu Ruyigi, akitaka nimsaidie kusema. Nikaingia ndani nikafunga cherehani yangu kwenye blanketi.

Kwa hiyo nilirudi nimeketi nyuma, kichwa cha cherehani ubavuni kwangu na bidoni iliyobaki miguuni. Sikuwa nimeshinda kitu. Nilikuwa nampeleka nyumbani kwangu mgonjwa yule yule niliyekuwa nimeletwa kumwuguza, na nilijua nani atamwogesha. Nilihesabu hayo njia nzima. Lakini ningemwogesha Gasenyi, na kutoka Gasenyi mtu anaweza kwenda kazini.

Mama mkwe alikula safari nzima. Aliwaita wauzaji waje upande wake, upande wa barabara, na walikuja, wakikwepa malori. Alipapasa kila tunda, akayachagua yaliyonyauka. Gitega alitaka kula ndani ya mkahawa, akaingia na fimbo yake kati ya wanaume wale, nami nyuma yake, na hakuna aliyesema neno. Alinipitishia kila kitu kwa juu ya bega, nusu yake na nusu yangu.

Bugarama mume wangu alishuka kutafuta kadi ya simu. Mama alitaka kwenda kujisaidia. Akapapasa mlango. Akapapasa tena, akapiga ubao wake kwa kiganja, mara mbili, akaniuliza mlango una nini. Nikamwambia hauna kitasa. Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Mimi nikashuka kwa mlango wa nyuma, upande wa majani, nikazunguka, nikangoja lori lipite, nikamfungulia. Alishuka akiniegemea, akasimama katikati ya ukungu ule akiutazama mlango kwa nje, kisha kwa ndani. Mume wangu aliporudi hakumwambia kitu. Mpaka Bujumbura hakumwambia kitu.

Kesho yake, Jumanne, nilipokuwa nachemsha uji, nikasikia nyundo uani. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kando ya mlango wangu. Mama mkwe alikuwa amewekewa kiti kizingitini, anamtazama. Alitoa ubao wa mlango, akatia mkono, akatoa kipande cha waya mfukoni, akakikunja, akakifunga, akarudisha ubao, akaweka kitasa cha gari jingine. Uji haukuwa umeiva. Robo saa, labda haikufika. Nilisimama na mwiko wangu, na nawaambieni kweli, cherehani ndani ya buti haikuniuma kama ile robo saa.

Akasema atanipeleka kazini. Uji akaachiwa mama mkwe ajipakulie, na mchana mume wangu atarudi kumpa chakula, hilo walikubaliana wao wawili, sikuombwa maoni na safari hii sikulalamika. Nikakaa mbele, kichwa cha cherehani mapajani mpaka Asiatique.

Akasimama mkabala na duka. Nikaona kwa kioo kile kile. Mahali pangu mlangoni palikuwa na meza ya mwenzangu, yule tuliyepakana, tayari ana mteja anapimwa mabega. Meza yangu ilikuwa imesukumwa mpaka mwisho wa baraza, kwenye jua, nilikoanzia, tundu la cherehani liko wazi na mtu ameweka humo chupa ya maji. Nilitaka kuruka niende pale hapo hapo.  Nikakaa, nimekumbatia chuma changu, natazama. Gari linanguruma, na mume wangu hashuki. Nikaanza kukasirika kwamba hata sasa ananiweka ningoje.

Akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini sana.

"Mama, mulango inafunguka."

Nilikuwa namngoja azunguke. Nikatazama barabarani kama kuna lori, nikavuta kitasa, nikashuka na cherehani yangu upande wa magari.